Ukuta wa Mvua Moja

Ndanu,

Tulipoteza mto wetu katika mvua za mwezi wa kumi na moja, mwaka ule ulipokuwa ukifanya mtihani wa kidato cha nne. Haukukauka, haukuhama, wala hakuna aliyeuiba. Ulijazwa matope mpaka juu, na waliofanya hivyo ni watu wale wale watakaokutumia gari jeupe kesho asubuhi, lile lenye picha ya mti mlangoni, uende ukawafanyie kazi.

Nimeanza na hilo ili usifike katikati ya barua ukidhani nakuandikia baraka. Baraka unapewa sasa hivi kanisani. Baba yako amekusindikiza na lile koti lake la harusi za watu, na mimi nimesema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimebaki kwa sababu Pasta atamshukuru Mungu kwa ajili ya Baraza, atalitaja kwa jina lake lote refu, baraza la kutunza mazingira ya kanda yetu ya Kitui na Makueni, na kanisa zima litaitikia amina. Mimi sina amina ya kuwapa wale watu. Kama ni kukuombea wewe, nimekuombea hapa hapa, nikichambua ndengu, na Mungu anasikia hata mtu aliyekaa kwa kigoda.

Mambo ya kutafuta chumba mjini Wote, ya kutotembea na simu mkononi stendi, ya kuweka akiba, hayo baba yako amekuimbia wiki nzima. Sina la kuongeza. Mtoto aliyemaliza chuo akipikia stovu chini ya kitanda hawezi kushindwa na Wote.

Nataka tuongee juu ya ukuta.

Wewe ulizaliwa ukakuta mboga zipo, kwa hiyo nadhani unaona zilikuwepo tangu uumbaji. Hazikuwepo. Nilipoolewa hapa nilipewa jembe moja na mtungi wa lita ishirini, na mtungi wenyewe ulikuwa unavuja. Nilichimba kisima changu kwenye mchanga wa mto kama kila mke wa hapa, nikakizungushia miiba mbuzi wasiingie, na maji yaliyobaki baada ya kupika nikayapeleka kwa tuta moja la sukuma wiki. Mtungi mmoja, ukimwaga kwa kikombe kwenye shina, unatosha miche arobaini. Ukimwaga kwa madaha, hautoshi hata kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Tuta moja likawa manne, manne yakawa kumi na sita, nikaongeza nyanya, nikaongeza vitunguu, mpaka nikawa napelekea shule mbili na hoteli zote za soko. Sikukopa kwa mtu na sikuwekwa kwa mradi wa mtu. Kila kalamu uliyoshika ilitoka kwenye mchanga ule.

Na maji yalikaa kwenye mchanga ule kwa sababu ya ukuta wa susu yako, mama mzaa baba yako. Wewe umesoma mambo haya chuoni na michoro ya rangi, lakini acha nikukumbushe ulivyojengwa, maana hapo ndipo kesi yote ilipo. Susu na wanawake wenzake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walijenga ukuta juu ya mwamba, kukata mto, ukifika magotini tu. Wakaacha. Mvua ikaja, mafuriko yakaleta mchanga na matope pamoja. Mchanga ni mzito, ukatua nyuma ya ukuta. Matope ni mepesi, yakaruka juu yakaenda zake. Mwaka uliofuata wakaongeza kipande, wakaacha tena. Mvua nne, vipande vinne, ukuta ukafika kiunoni, na nyuma yake mchanga mtupu, msafi, umejaa mpaka ukingoni na maji ndani yake ambapo jua haliyafikii. Susu alikufa akiuita ukuta wa mvua nne. Hakuna kofia wala tisheti iliyochapishwa kwa ajili yake.

Ndipo Baraza likaja.

Sitakudanganya kwamba wote walikuwa wajinga. Ningefurahi kama wangekuwa wajinga, kwa maana mjinga unamsamehe ukaenda kulala. Yule injinia wao, kijana mwembamba wa miwani, alivua viatu akatembea nami mtoni toka kwa daraja mpaka ukutani. Sifa hiyo nilimpa. Akapiga mchanga kwa kisigino chake, akasema, "Mama, huu ukuta ni mzuri sana. Tukiuinua tutauinua polepole, kila mvua kidogo. Tukiuinua wote mara moja, utanasa matope."

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo mama mkwe wangu alivyokuwa akisema."

"Basi mama mkwe wako alikuwa injinia."

"Alikuwa na mshahara wa injinia?"

Akacheka, mimi nikacheka, nikampa papai akale njiani. Kwa hiyo usije ukaniambia siku moja kwamba hawakujua. Walijua. Walijua kwa mdomo wao wenyewe, siku ya kwanza, kabla hata ya mfuko mmoja wa simiti kufika hapa.

Kisha akaja Mratibu wao, yule wa simu tatu. Yeye hakuvua viatu. Alisimama barabarani akaangalia mto kama mtu anayeangalia sahani ambayo si yake, akasema mradi lazima ukamilike kabla ya mwezi wa sita, kwa sababu mwaka wao wa fedha unaisha hapo. Mwaka wa mto unaisha lini, hakuuliza. Tafsiri yake ni hii: wageni wakubwa walikuwa wanakuja kupigwa picha, na hakuna mkubwa anayetaka kupigwa picha na nyongeza ya futi moja. Alitaka ukuta upandishwe kutoka kiunoni mpaka mara tatu yake, kupita kichwa cha mwanamume, kiangazi kimoja. Lakini Baraza halijengi bila ridhaa ya wananchi. Wao ni watu wa utaratibu. Kwa hiyo wakaitisha mkutano.

Wewe ulikuwa bweni siku hiyo, kwa hiyo umeusikia mkutano huo vipande vipande, na vingine umevisikia kutoka kwa baba yako, ambaye hukumbuka nyama tu. Acha nikupe wote.

Walifika na sufuria mbili za pilau na kreti za soda. Sisi nasi, kwa kuwa hatukutaka kuonekana watu wa kula vya wageni bure, tukachinja mbuzi. Angalia ujinga huo vizuri: wao wametulisha, sisi tumewalisha, kila mmoja ana deni la heshima kwa mwenzake, na bado hakuna lililosemwa. Tukala. Pasta akashukuru kwa chakula, na akiwa bado amefumba macho akauombea ukuta ukamilike kabla ya mvua. Hapo tayari ukimpinga Mratibu unampinga Pasta, na ukimpinga Pasta sijui unampinga nani. Ndipo Mratibu akapangusa mikono akasema, "Sasa mama mwenyekiti atuulizie wananchi kama wana neno."

Mwenyekiti wa mwethya ni mimi. Nilikuwa nimewekwa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, pembeni ya Mratibu. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, mmesikia. Kuna mtu anapinga?"

Wewe ni Mkamba, Ndanu, hili halihitaji kuelezwa. Mgeni uliyekula naye humwambii hapana akiwa bado ana mafuta vidoleni. Utamwambia kesho. Utamtuma mtu. Utamwambia mkewe mkikutana sokoni. Lakini si pale, mbele ya watu, mifupa ikiwa bado kwenye sahani. Nilijua hivyo nikiuliza. Nilipouliza niliangalia watu na watu wakaangalia chini. Mama Kioko, ambaye unamjua, ambaye alimkatiza chifu mara mbili kwenye mazishi, alikuwa anaukagua mfupa kana kwamba ataulizwa maswali juu yake. Injinia alikuwa anafuta miwani. Aliifuta mpaka nikadhani itatoboka.

"Basi tumekubaliana," Mratibu akasema. "Tujipigie makofi ya kilo mbili."

Tukajipigia.

Jioni nikirudi nyumbani na Mama Kioko, akiwa na bakuli lake kwapani, akasema, "Ule ukuta utatuletea matope."

Nikasimama. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Umeniuliza nikiwa na mbuzi mdomoni."

"Si ungemeza!"

"Nikimeza ndiyo nimekubali kabisa." Kisha akaniangalia, akaacha mzaha. "Na wewe, mwenyekiti, mbona hukutuuliza asubuhi, tukitoa maganda ya vitunguu? Tulikuwa wote pale. Tulikuwa na njaa na midomo ilikuwa mitupu."

Jibu nilikuwa nalo, na ni hili, na halijawahi kuwa siri hapa kwetu, kila mtu ananirushia nikichelewa kuchangia. Nilitaka ukuta mkubwa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ukuta mara tatu, maji mara tatu, matuta mara tatu, pikipiki ya kupelekea mboga mpaka Kitui mjini. Hesabu ilikuwa sahihi kila mstari, ila sikuhesabu matope. Na kile kiti chenye mikono kilikuwa kizuri, Ndanu. Miaka yote ya kubeba maji hakuna mtu aliyewahi kunivutia kiti. Wale watu wanajua kuvuta kiti. Ni kazi wanayoiweza kuliko zote.

Basi tukajenga. Mwethya ukabeba mawe kwa vichwa kuanzia alfajiri, tukiimba, na ukuta ukapanda mpaka ukafunika jua la asubuhi kwa aliyesimama mtoni. Mwezi wa sita wakaja wakubwa, wakakata utepe, wakapanda miti kumi kwenye mashimo tuliyochimba sisi, wakanawa mikono kwa maji tuliyobeba sisi. Nilitoa hotuba. Nilisema maendeleo yamefika hapa kwetu Kanyangi. Baba yako anaikumbuka hotuba hiyo yote na huniigizia nikimkasirisha.

Mvua ya kwanza ikajaza ziwa. Ziwa, mwanangu, hapa! Watoto waliogelea, bata wakatokea sijui wapi, watu wakaja kutoka ng'ambo kuangalia. Mratibu alinipigia simu kunipongeza, na mimi nilimwambia asante sana mheshimiwa. Nadhani neno hilo la mheshimiwa ndilo ninalolijutia zaidi. Maana ziwa likakaa, na maji yakikaa matulivu matope nayo hutua, hayana sababu ya kwenda popote. Maji yalipokwisha, tukaona tulichojengewa. Mchanga wote wa susu ulikuwa umefunikwa kwa matope ya kufika kifuani. Visima vyetu viko chini yake. Pengine maji nayo yako chini yake mpaka leo, nani ajuaye. Tulijaribu kuchimba. Matope hushika maji lakini hayayatoi, ni kama kukamua ngozi. Punda wa Mama Kioko alizama mpaka tumbo na ikabidi tumvute kwa kamba, wanawake kumi na mmoja, na huyo ndiye kiumbe pekee tuliyemtoa mtoni mwaka ule.

Mwezi wa tatu matuta yangu yalikuwa mabua. Ndipo nikaanza kwenda Makindu. Unajua naenda, lakini hujui jinsi ninavyokwenda. Naamka, napanda gari, nakwenda kununua vitunguu kwa watu wenye mifereji, naleta kuuza kwa wale wale niliokuwa nikiwauzia vyangu. Safari ya kwanza niliishiwa nguvu pale mjini, mama mmoja akanielekeza kwa hekalu la Masingasinga, akasema wasafiri wanakula pale. Niliingia, nikavua viatu, nikapewa dengu na chapati na chai. Nilikula nimekaza miguu. Nilikuwa nangoja swali. Nilikuwa na uhakika kwamba nikimaliza tu atatokea mtu aseme, basi mama, sasa tumekubaliana. Hakutokea mtu. Mzee mmoja mwenye kilemba akaniuliza kama naongeza chai. Nilitoka nje nikakaa kwenye mzigo wangu wa vitunguu nikalia, na si kwa sababu ya njaa. Ni kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba chakula kinaweza kuwa chakula.

Nilimpigia Injinia. Alishika simu, hilo nalo nampa.

"Mama, nimesikia. Pole sana."

"Pole ya nini? Wewe si ulisema? Si ulisema mbele yangu kwamba utanasa matope?"

"Nilisema, mama. Lakini wananchi waliulizwa."

"Nani alituuliza?"

Akasema kwa heshima kabisa, bila kejeli, na hiyo heshima ndiyo iliyoniua: "Si ni wewe, mama?"

Tangu siku hiyo wamekuja mara tatu. Mara ya kwanza kupima. Mara ya pili kupanda miti, kwenye mashimo yale yale ya kwanza, kwa kuwa ile kumi ililiwa na mbuzi kabla wageni hawajafika barabara ya lami. Mara ya tatu kutuchukua kwa semina ya kuhimili ukame, mimi na wanawake wawili, hotelini, tukapewa kalamu nene na karatasi kubwa tuchore mto wetu jinsi tunavyotamani uwe. Nilichora ukuta wa susu. Msichana aliyekuwa akiongoza akasema, "Waoh, mama, huo ni wa kipekee!" akaubandika ukutani na gundi. Nikamwuliza ukuta mrefu utabomolewa lini, hata kidogo tu juu, matope yapate njia. Akasema ataliwasilisha. Mratibu mwenyewe ndiye aliyeniambia wakati wa chai kwamba bajeti ya kujenga ipo, ya kubomoa haipo. Alisema hivyo akinisogezea keki. Ile tisheti waliyotupa nimemvalisha yule mtu wa miti wa kufukuza ndege shambani. Ndege wanaiogopa. Angalau kuna mtu mmoja wa Baraza anayefanya kazi hapa.

Sasa tuje kwako.

Jumapili iliyopita uliingia jikoni ukiwa na furaha mpaka ukasahau kuniamkia. Ukasema, "Mwaitu, wamenipa eneo! Naanza na huku kwetu."

"Huku kwetu kuna nini tena?"

"Ukuta wa pili. Kule juu ya mto, ukipita daraja. Mimi ndiye nitakuwa afisa wa jamii, nitawaandaa watu kwa mkutano. Wamenichagua kwa sababu mimi ni wa hapa. Watu wataniskiza."

"Watakuskiza ama watakunyamazia?"

Ukavuta pumzi. "Wewe Mwaitu unachukia kila kitu."

"Utajengwa kwa mvua ngapi?"

"Hayo ni mambo ya mainjinia. Mimi kazi yangu ni watu."

"Na watu utawafanya nini?"

Ukaanza kunieleza kwa vidole, kama ulivyofundishwa. Kuwasili. Maombi. Chakula cha mchana. Halafu majadiliano na makubaliano. Nikakuuliza kwa nini chakula kiko mbele ya majadiliano. Ukacheka, ukanishika bega, ukasema, "Watu wakishiba wanaelewana haraka, Mwaitu. Tulifundishwa hivyo."

Niligeuka nikakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Kwa hiyo ni somo sasa. Mimi nilifikiri siku ile ilikuwa bahati mbaya, kwamba pilau lilikuja mapema kwa sababu ya dereva. Kumbe wana darasa la jambo hilo. Wameketi wakachunguza adabu yetu, ile adabu ambayo mimi nilikulea nayo kwa kofi na kwa wimbo, wakaona mahali inapofunguka, wakaingiza mkono. Na sasa wamepata kitu bora kuliko pilau. Wamempata mtoto wa mwenyekiti.

Sikukatazi kazi. Soma hapo mara mbili, ili usimwambie baba yako kwamba nimekukataza. Kazi ni adimu, wewe umeipata bila kujuana na mtu, na mshahara wao utaula kama ungekula wa mtu mwingine yeyote. Sikwambii ugombane na Mratibu wiki ya kwanza. Utashindwa, na atakuvutia kiti. Wala sikuambii umshinde kwa elimu, maana Injinia alikuwa na elimu yote iliyohitajika na aliitumia kufuta miwani. Kujua hakukutusaidia kitu. Alijua yeye, nilijua mimi, alijua Mama Kioko na mfupa wake. Tulikuwa watu sitini tunaojua, tukipiga makofi ya kilo mbili.

Nakuambia tu kitu ambacho mimi ningeweza kukifanya na sikukifanya, na kilikuwa chepesi, hakikuhitaji cheo. Ningeuliza asubuhi. Ningeuliza tukimenya vitunguu, moto haujawashwa, wageni hawajafika, mtu akiwa na njaa na hasira zake. Ningemwendea Mama Kioko kwake, ambapo mdomo ni wake na kiti ni chake. Na nisingeuliza nani anapinga, maana hilo ni swali la kumtafuta mkosaji. Ningeuliza, "Mvua ngapi?" Kila mwanamke wa mto huu angejibu nne, hata usingizini.

Kuna kitu kimoja kinachonifanya nikuandikie badala ya kununa tu, jambo ambalo ningeliweza vizuri. Ulipokuwa mdogo, hujaanza hata shule, ulikuwa na tabia mbaya sana. Nikikupa chakula na wewe una swali, huli. Unasimama mlangoni pa jikoni na sahani, tumbo mbele, unauliza kiangazi maji ya mto huenda wapi. Nakwambia kula kwanza. Unaweka sahani chini, unasema, "Jibu kwanza." Kuku wanakuja wanakula, na wewe umesimama tu. Nilikuchapa kwa sababu ya tabia hiyo. Susu yako akaniambia nimwache mtoto, nami nikamwambia mtoto atakosa adabu mbele ya watu. Na kweli tabia hiyo nikaitoa. Mpaka ulipoingia darasa la kwanza ulikuwa unakula kwanza kama watoto wote, na mimi nikajisifu kwa majirani.

Naitaka ile tabia irudi. Hiyo tu. Sina kingine cha kukupa cha kubeba kwa sanduku, na hicho chenyewe si changu, ni chako, niliwahi kukunyang'anya.

Gari litafika saa kumi na mbili. Mimi nitakuwa jikoni tangu saa kumi na moja. Chai itakuwa imeiva na chapati zitakuwa zimefunikwa kwa sahani, na sitakumiminia hata nusu kikombe kabla hujanijibu, kwa maana ukishakula kwangu utaniambia ninachotaka kusikia, na mimi nimechoka kusikia ninachotaka.

Usije ukanikumbatia kwanza. Usiniambie "Mwaitu, tutaongea kwa simu", wala kwamba utaliwasilisha. Simama pale mlangoni, kama zamani, unipe neno moja kabla dereva hajapiga honi. Watu wa hapa utawauliza kabla ya kula, ama baada?

Mama yako